Mji Mkuu Mstaafu

Walifika Jumanne, saa saba kasoro,
mume na mke, gari limepakwa udongo hadi madirishani.
Ndege yao kesho usiku. Wana siku moja na kipande,
kama pindo la khanga lililobaki kwa fundi:
halitoshi kushonea kitu,
wala hulitupi.

Nguo zao nilizipokea mimi, mlango wa nyuma.
Beseni la kwanza likawa uji wa ulezi.
La pili, chai ya maziwa.
La tatu, maji ya kisima chetu, ambayo nayo si meupe sana.
Mikumi yote ikapita mikononi mwangu,
ikashuka mferejini nyuma ya jiko,
ikatulia kwenye shina la mpapai.
Sijafika Mikumi. Udongo wake naujua:
una chengachenga, na kwenye kola hautoki
mpaka usugue kwa limau.

Mifukoni: mwiba wa mgunga,
risiti ya soda mbili za Doma,
unyoya wa kanga (ndege, si nguo).
Nikaviweka kwenye kisosi.

Mke akashuka na Kiswahili cha kitabuni,
kila neno limepigwa pasi.
"Safari yetu imekwisha," akasema.
Nikacheka. Imekwishaje, mama,
na uwanja wa ndege bado hujauona?
Akafikiri, kisha akacheka yeye.
Kwao safari ni tembo.
Kwetu safari ni kwenda tu, hata iwe ya kuzika,
hata iwe ya Chalinze kudai hela ya korosho.

"Hapa palikuwa makao makuu," akasema. "Yako wapi?"

Nikafuta povu. Mume wake amelala; tukatoka wawili.
Chuo cha sanaa walikuwa wakirudia mdundo mmoja
na kuukosea palepale kila mara.
Boma nikamwonyesha: ukuta, ngazi,
mbuzi kwenye kivuli cha ukuta.
Asiniulize maana ya jina la mji, nikaomba kimoyomoyo,
na kweli hakuuliza.

Nikamwambia: Mjerumani alikaa miaka michache,
akafunga makabati, akahamia Dar.
Dar nayo ikakaa, ikazoea kuitwa,
juzi mafaili yakapanda malori kwenda Dodoma.
Makao makuu huhama, mama.
Ngazi hazihami.

Sikumwambia kwamba lori la tatu
lilimbeba Mwinchande, tarishi wa wizara,
mume wangu wa miaka kumi na tisa,
amepakata feni ya mkuu wake kama mtoto mwenye homa.
"Nikipata chumba nitakuita."
Chumba alipata. Kina mtu.
Nasikia mlenda wake hauna mfano.

Mama yule akagusa ukuta, chokaa ikambaki kidoleni.
"Mji uliachwa," akasema polepole,
akitafuta neno. "Mji haukuona... uchungu?"

Ningemjibu nini? Mbuzi akainuka, akajinyoosha.
"Mji ulikuwa na kazi zake," nikasema.
"Turudi, nguo zako ziko kambani
na hilo wingu silipendi."

Kesho yake nikawakunjia, shati juu ya shati.
Kisosi nikampa. Unyoya akauchukua,
risiti akaitupa.
Mwiba akaugeuza kwenye mwanga,
akaniwekea kiganjani bila kusema kitu,
nami sikujua nishukuru au vipi.
Nimeuchomeka kwenye kalenda, mwezi wa nane.

Wiki mbili zimepita. Chini ya mpapai kumeota jani
nisilolijua, jembamba, lina manyoya ubavuni.
Kazija wa jikoni anasema ling'oe,
hilo ni gugu, litatujazia ua.
Namwitikia.

Jioni, nikimaliza kusuuza,
beseni la mwisho nalimwaga pale.